Kompyuta Ilipoingia katika Maabara ya Umeme

Ndugu Mhariri aliponitaka niandike juu ya "maendeleo ya sayansi tangu enzi zetu", nilimjibu kwamba hilo ni shamba kubwa mno kwa jembe nililo nalo. Mimi ni mtumishi wa Serikali, na kazi yangu ya kila siku ni kukagua vyombo vya kupimia umeme. Nikaomba nipewe pembe moja tu ya shamba hilo: namna kompyuta ilivyopata kuongoza vyombo vya kupimia katika maabara za wanafunzi. Pembe hiyo naijua kidogo. Tena nimewahi kuaibika ndani yake, na aibu yenyewe nitaieleza bila kuificha, kwa sababu Kamati yetu ya Wanafunzi wa Zamani inachangisha fedha za kukarabati maabara ya Fizikia, na wajumbe tumegawanyika vibaya juu ya vitu vya kununua.

Tuliosoma mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hesabu mwishoni mwa miaka ya 1990 tunaikumbuka maabara ile. Meza ndefu za mbao zilizochongwa majina ya watu walioondoka kabla hatujazaliwa. Kabati la vioo, na ndani yake galvanometa tatu, mbili zikiwa zima. Voltmita na amita za mshale. Riostati nzito kama tofali. Betri za tochi. Jaribio la dayodi lilichukua vipindi viwili vizima. Mmoja anasogeza riostati, wa pili anasoma voltmita, wa tatu anasoma amita, wa nne anaandika. Mwalimu wetu wa Fizikia alikuwa na desturi ya kupita nyuma ya migongo yetu na kuuliza, "Mshale utakwenda wapi?" Aliuliza kabla mshale haujaenda popote. Asiyekuwa na jibu hakuruhusiwa kufunga swichi.

Daftari langu la wakati huo ninalo. Ukurasa wa Julai 1998, nilipokuwa naanza kidato cha sita, unasomeka hivi: volti 0.60, miliampea 2, volti 0.65, miliampea 5, volti 0.70, miliampea 14, volti 0.75, miliampea 38. Chini ya volti 0.50 mshale ulikuwa kama umelala. Nilipozitia nukta hizo kwenye karatasi ya grafu, mstari ulitambaa chini kwa muda mrefu, kisha ukaruka juu kama mtu aliyekanyaga siafu. Saa nzima na nusu kwa mstari mmoja! Tulinung'unika sana siku ile, maana chakula cha mchana kilitupita.

Tulipokuwa tunanung'unika hivyo, huko ng'ambo kazi ya kumwondoa mtu kwenye swichi na mshale ilikuwa imekwisha kufikisha umri wa miaka thelathini hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wahandisi wa kampuni ya Hewlett-Packard, California, walianza kutafuta njia moja ya kuunganisha vyombo vya kupimia na mashine za kukokotoa. Kabla ya hapo ilikuwa vurugu. Kila kiwanda kilikuwa na plagi zake na lugha yake, na mtu aliyetaka voltmita izungumze na mashine ya kuchapa alilazimika kutengeneza daraja lake mwenyewe, waya kwa waya. Njia waliyoibuni ilipokelewa na wengi, na mwaka 1975 taasisi ya wahandisi ya IEEE ikaipitisha kuwa kiwango, ikakipa namba 488.

Yafaa nieleze namna inavyofanya kazi, kwa kuwa ni kitu cha busara sana. Vyombo vyote hukaa kwenye kebo moja kama watu katika kikao. Yuko mwenyekiti, ambaye kwa kawaida ni kompyuta. Mwenyekiti humpa mmoja ruhusa ya kusema, na wengine huwaambia wasikilize. Wawili hawasemi kwa pamoja. Kebo ina njia 16 za kazi: 8 za kubeba habari, 5 za kuendesha kikao, na 3 za kuhakikisha kwamba kila msikilizaji amesikia. Hizo 3 ndizo zinazonifurahisha hadi leo. Msemaji hawezi kutoa neno la pili mpaka msikilizaji aliye mzito kuliko wote akubali kwamba amelipata la kwanza, kwa hiyo voltmita kuukuu na chombo kipya huweza kukaa kikao kimoja bila yeyote kuachwa nyuma. Vyombo visizidi 15, kompyuta ikiwamo, na kebo zote kwa pamoja zisizidi meta 20. Plagi zake hupandana moja juu ya nyingine, na mtu akizirundika tano nyuma ya chombo kimoja utadhani ni mzigo wa kuni.

Hata hivyo kiwango peke yake hakikuwafikia wanafunzi. Kilichowafikia ni kompyuta ndogo za bei nafuu. Mwaka 1977 ilitoka Commodore PET, na waliyoiunda waliamua kutumia njia hiyo hiyo ya IEEE 488 kwa ajili ya mashine zake za kuchapa na za kuhifadhi habari. Pengine hawakuwa wanafikiria maabara, lakini matokeo yake ni kwamba mwalimu aliyekuwa na PET moja aliweza kuisemesha voltmita. Mwaka 1981 Waingereza wakatoa BBC Micro, iliyotengenezwa na kampuni ya Acorn ya Cambridge na kuenea sana katika shule zao. Hiyo ilikuwa na matundu manne ya kupokea volti moja kwa moja na kuzigeuza kuwa namba. Mtoto wa sekondari aliweza kufunga kipima joto nyuma ya kompyuta na kutazama maji yakipoa kwenye skrini.

Upande wa vyuo, jina linalotajwa zaidi ni National Instruments. Ilianzishwa mwaka 1976 mjini Austin, Texas, na watu watatu waliokuwa wakifanya kazi katika maabara ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Texas: James Truchard, Jeff Kodosky na Bill Nowlin. Walianza kwa kuuza kadi za kuunganisha kompyuta na njia ile ya 488. Mwaka 1986 wakatoa programu iitwayo LabVIEW, kwanza kwa kompyuta za Macintosh. Badala ya kuandika maagizo mstari kwa mstari, mtumiaji alichora: kisanduku hiki kinapima, kile kinakokotoa, mstari unaviunganisha. Juu ya skrini vilitokea vifundo na mishale ya kuchorwa, na ukigeuza kifundo cha picha, chombo cha kweli mezani kinatii. Mwanafunzi ambaye hakuwahi kuandika programu aliweza kuendesha jaribio siku ile ile.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Chuo nilikosoma sikitaji, maana waliokuwa walimu wangu ni wazee wangu na baadhi yao husoma gazeti hili. Mwaka 2002, nikiwa mwaka wa tatu wa uhandisi, maabara yetu ya elektroniki ilikuwa na chombo kimoja cha kupima dayodi na transista, kilichounganishwa kwa kebo ya 488 na kompyuta iliyokuwa ikiunguruma kama jiko la mafuta ya taa. Tulikuwa sita katika kundi. Unaiambia kompyuta: anza volti 0, maliza volti 1, panda kwa volti 0.01. Unabonyeza. Katika muda wa kuvuta pumzi mara mbili au tatu nukta 101 zimekwisha kupimwa na mstari umechorwa. Mimi niliyekosa chakula cha mchana kwa ajili ya nukta chache nilisimama pale nimepigwa na butwaa, nikiwaonea huruma wadogo zangu walioko shuleni.

Mstari wetu ulitambaa, ukapanda, na ulipofika karibu na volti 0.68 ukalala. Kutoka hapo hadi volti 1 ulikuwa bapa kama meza, kwenye miliampea 10 kamili. Niliteuliwa kuandika ripoti kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Nikaandika ukurasa mzima kueleza kwamba dayodi ikifikia kiwango fulani cha mkondo "hushiba" na kukataa zaidi. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba transista hufanya jambo la namna hiyo, nikamkopesha jirani yake. Nikabandika grafu iliyochapwa na mashine, safi kabisa, nikasaini.

Mhadhiri aliirudisha akiwa ameandika swali moja pembeni: "Iliyoshiba ni dayodi au chombo?"

Tulirudi maabara kwa unyonge. Fundi wa maabara, mzee mmoja aliyekuwa haongei sana, hakugusa kompyuta. Alikigeuza chombo chenyewe uso wake ututazame, akatuonyesha taa ndogo iliyokuwa inawaka. Chombo cha namna ile hupewa ukomo wa mkondo ili kisiunguze kipande kinachopimwa. Kundi lililotutangulia lilikuwa limeuweka ukomo miliampea 10 na hakuna aliyeubadili. Mkondo ulipofika 10 chombo kilijizuia, na volti za kweli kwenye dayodi zikaacha kupanda. Taa ilikuwa inatuonya muda wote. Sisi sote sita tulikuwa tumeipa mgongo, tukitazama skrini.

Lakini kilichonichoma zaidi ni jambo la pili alilotuonyesha. Programu ile, kwa namna ilivyoandikwa, ilichora volti ilizokuwa imeagiza. Haikuwa inaziuliza voltmita ni volti ngapi zilizopo. Iliagiza 0.80, ikaandika 0.80, ikaendelea, na dayodi ilikuwa bado iko kwenye 0.68. Lile bapa zima lilikuwa rekodi ya amri ambazo hazikutekelezwa. (Nikiwa ofisini leo, baadhi ya taarifa za utekelezaji zinazopita mezani kwangu hunikumbusha programu ile, lakini hayo si ya gazeti la shule.)

Usiku ule nilifungua sanduku langu la bati, nikatoa daftari la kidato cha sita. Volti 0.75, miliampea 38. Nilikuwa najua! Mikono yangu mwenyewe ilikwisha kuiona dayodi ikipita 10 bila kusimama, na mwalimu alikuwa ameweka alama ya vema kwa wino mwekundu. Ila nilipoona namba 101 zilizonyooka, nilidhani zile nukta zangu chache za penseli ni mambo ya kitoto, wala sikukumbuka kuzilinganisha. Ripoti ilipata alama 3 kati ya 10, na wenzangu watano waliacha kunisalimia kwa wiki moja.

Wakati sisi tunahangaika hivyo, huko Marekani jambo lilikuwa limekwisha kusogea hatua nyingine. Mwaka 1998 Profesa Jesús del Alamo wa chuo cha MIT, Massachusetts, alikiunganisha chombo cha kupima transista na mtandao wa intaneti, ili wanafunzi wake wapime wakiwa mabwenini. Alikiita WebLab. Baadaye mpango ulikua, ukapata fedha kutoka ushirikiano wa MIT na Microsoft uliotangazwa mwaka 1999, ukaitwa iLab. Chombo kilikaa mahali pamoja, kimefungiwa transista na dayodi kadhaa. Mwanafunzi alijaza volti anazotaka kwenye kompyuta yake na kutuma. Ombi likaingia foleni, likapimwa kwa sekunde chache, na majibu yakarudi kama orodha ya namba. Wanafunzi wa Singapore walikuwa miongoni mwa waliokitumia kutoka mbali. Kwao mchana ni usiku wa Massachusetts, kwa hiyo chombo ambacho kingelala kilipata kazi.

Kisha habari hiyo ikafika kwetu. Katika miaka ya 2000 vyuo vikuu vitatu vya Afrika viliingia katika ushirikiano wa iLab na MIT kwa msaada wa Shirika la Carnegie la New York: Makerere cha Uganda, Dar es Salaam, na Obafemi Awolowo cha Ile-Ife, Nigeria. Mimi nilikuwa nimekwisha kuhitimu, nikabaki kuvisikia kwa wadogo zangu. Fikirini hesabu yake. Chombo kizuri cha kupima transista ni ghali kuliko gari, na chuo chenye wanafunzi mamia kikipata kimoja ni bahati. Hapo ghafla mtu wa Kampala anapima transista iliyoko ng'ambo ya bahari.

Kikwazo kilikuwa njia ya kupitia. Hadi mwaka 2009 pwani yetu ya Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wa mawasiliano wa baharini. Intaneti ilipanda satelaiti iliyoko kilometa 36,000 juu na kushuka tena. Swali na jibu lake vilichukua karibu nusu sekunde njiani hata kama mtandao ulikuwa mtupu, nao haukuwa mtupu kamwe, maana chuo kizima kiligawana mfereji ambao leo ungemtosha mtu mmoja na simu yake. Kugeuza kifundo cha osiloskopu kwa umbali huo ni kama kuendesha baiskeli usukani wake ukiwa umeshikwa na mtu wa kijiji cha pili. Lakini ule mtindo wa WebLab wa kutuma ombi, kusubiri foleni na kupokea orodha ya namba ulipita hata kwenye mfereji mwembamba, kwa sababu kilichosafiri kilikuwa kidogo. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulipoanza kazi, na mingine ikafuata, taabu hiyo ilipungua sana.

Nawasifu wenzetu wa Makerere na Ile-Ife kwa sababu hawakukubali kubaki wageni katika maabara ya watu. Walijenga majaribio yao wenyewe, wakitumia kisanduku cha National Instruments kiitwacho ELVIS, ambacho kina osiloskopu, mita na vinginevyo ndani ya boksi moja, na juu yake ubao wa kuchomeka vipande. Na hapo ndipo faida kubwa ilipokuwa, kwa maoni yangu. Anayepima kwa mbali hukuta waya zimekwisha kufungwa na mtu mwingine. Anayejenga jaribio la kupimwa kwa mbali lazima azifunge mwenyewe, akosee, atafute kosa, afunge tena.

Narudi kwenye Kamati. Upande mmoja unataka kompyuta mpya na "maabara ya kisasa", na upande huo una fedha. Upande wa pili, wa kaka zetu wa miaka ya 1970, unasema tununue amita za mshale kama zile zilizowafikisha wao walikofika. Mimi nimewaudhi wote wawili. Bei imeshuka mno kiasi kwamba ubishi wa kompyuta au mshale umepitwa na wakati. Arduino, iliyoanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, ni kibao kidogo cha elektroniki kinachofanya mengi kati ya yale niliyoyaona chuoni. Raspberry Pi, kompyuta nzima isiyozidi kiganja, ilitoka Uingereza mwaka 2012 kwa dola 35. Tununue vibao vya namna hiyo, kimoja kwa kila wanafunzi wawili, na mita za kawaida za kukaa kando yake.

Ila kuna mambo ambayo hayamo katika orodha ya upande wowote. La kwanza ni fyuzi, waya, vibanio, betri na dayodi za akiba, vitu vinavyoisha kila muhula na ambavyo hakuna mfadhili anayependa kupigwa picha navyo. La pili ni fundi wa maabara. Shule haina tangu wa mwisho alipostaafu, na mimi nilifundishwa na fundi kosa ambalo kompyuta ilinificha. La tatu ni kwamba mwanafunzi aambiwe kibao chake kinaona nini. Arduino ya kawaida huzigawa volti 5 katika ngazi 1,024, yaani kila ngazi ni karibu milivolti 5. Mtu akipima dayodi nayo ataona volti zinaruka kutoka 0.645 hadi 0.650 bila kitu katikati, na asipoambiwa atatuandikia ukurasa mzima juu ya dayodi zinazoruka. Namjua mtu aliyewahi kufanya hivyo kwa dayodi zinazoshiba.

Mwezi uliopita nilipita shuleni nikamkuta mwalimu wa Fizikia wa sasa, kijana hodari, na wanafunzi wake wa kidato cha tano wakiwa na kibao kimoja walichokinunua kwa michango yao. Nilimwomba jambo moja, naye akalikubali: kabla kibao hakijawashwa, kila mmoja achore kwa penseli mstari anaoutarajia, na programu iandike volti zilizopimwa kwenye dayodi yenyewe, si zile zilizoagizwa.

Nimemwachia daftari langu. Ukurasa wa Julai 1998 nimeutia alama kwa karatasi, na dayodi ile ile nimeibandika pembeni kwa utepe. Bado ni nzima, niliipima ofisini kabla ya kuja nayo. Wadogo zangu mlioko kidato cha tano na cha sita, ichukueni mpime upya, kwa mkono na kwa kibao, mniletee namba kupitia kwa Mhariri. Mimi nilipima asubuhi ya baridi. Mkipima mchana wa Februari, chumba kile kikiwa na joto lake mnalolijua, mtapata mkondo mkubwa zaidi kwa volti zile zile. Andikeni na nyuzi za joto la siku hiyo.